Kopo la biskuti juu ya kabati: miaka 16 bila makaratasi Texas

Siku niliyojua kwamba sina makaratasi, mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi ya usiku. Ilikuwa 2010, Houston, nina miaka 16. Shuleni wenzangu wote walikuwa wanahangaikia leseni ya udereva, nami nilirudi nyumbani na orodha ya vitu vinavyotakiwa: pasi au hati nyingine ya kuonyesha ukaazi halali, na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii yenye tarakimu tisa. Nikamuuliza mama, "Pasi yangu iko wapi?" Akainua ile ya umeme, akadhani namtania, kisha akaona sitanii. Akaichomoa ukutani, akakaa kitandani. "Ilipotea," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na hata ingekuwepo isingekusaidia, baba. Sisi tulizamia."

Wabongo neno kuzamia tunalijua, na mara nyingi tunalitaja kwa kicheko, tukiwawazia vijana waliojificha melini. Mimi nilikuja kwa ndege, nimevaa suti yangu ya Krismasi, nikapewa juisi mara mbili. Ilikuwa Agosti 2003, nina miaka tisa. Tulitoka Tanga, tukalala Dar siku mbili, tukapanda ndege kwa viza ya matembezi kuja kumsalimia mama mkubwa. Afisa wa uwanja wa ndege akatugongea miezi sita. Februari 2004 miezi sita ikaisha, na asubuhi yake mama akanipeleka shule kama kawaida. Hakuna aliyegonga mlango. Wengi wetu tunazamia hivyo: siku inapita, na inayofuata inafanana nayo.

Shule haikuuliza kitu, na kuna sababu. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyoanzia mji wa Tyler, hukuhuku Texas, iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa kukosa makaratasi. Kwa hiyo nikakua naapa mbele ya bendera yao kila asubuhi nikidhani ni yangu. Ukuta uko mwisho wa sekondari. Leseni, kazi, mkopo wa chuo, vyote vinauliza namba ileile ya tarakimu tisa.

Mama aliniachia sharti moja usiku ule. "Usimwambie mtu. Hata wa kanisani. Hasa wa kanisani." Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo zaidi ya kitu kingine chochote. Nikipiga hesabu ya miaka yote, siri yetu ilitugharimu kuliko sheria yao, na nitaonyesha wapi.

Aliyenitoa kwenye siri alikuwa msichana wa darasani kwetu, Mmeksiko, aliyevushwa mpaka akiwa na miaka miwili. Aliona kila mazungumzo ya leseni yakianza mimi nakwenda chooni. Siku moja akanifuata hadi kwenye korido. "Na wewe huna, siyo?" Sikujibu. Akaniandikia kwenye kiganja saa na chumba: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, chumba cha nyuma cha maktaba.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa Kihispania mtupu. Nilikula mikate yao ya sukari na kutabasamu. Mwishoni kijana mmoja akanishika mkono na kunishukuru kwa kuja kuwaunga mkono. Aliona ngozi yangu akajua mimi ni Mmarekani mweusi, mtu mwenye makaratasi tangu alipozaliwa. Nikacheka, nikanyamaza. Nilinyamaza mikutano mitatu. Kama wewe ni Mwafrika na umeingia kwenye kundi la namna hii, jitambulishe siku ya kwanza. Hakuna atakayekubahatisha, na muda unaoupoteza si mdogo: wakati mimi natabasamu, wenzangu walikuwa tayari wanapeana namba za mawakili.

Desemba ile tulikuwa tunausubiri muswada wa DREAM Act, ambao tangu 2001 ulikuwa unapelekwa bungeni na kurudi mikono mitupu. Ungewapa vijana walioletwa utotoni njia ya kufikia ukaazi wa kudumu, wakisoma chuo au wakiingia jeshini. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 216 dhidi ya 198. Jumamosi, tarehe 18 Desemba 2010, tukajibana mbele ya kompyuta moja kuangalia Seneti. Ndiyo 55, hapana 41. Mimi nikaruka kushangilia. Wenzangu wakanitazama kwa huruma: ili mjadala ufungwe zilihitajika 60. Rafiki yangu, yule msichana wa darasani, alilia kama dakika tano, akapangusa ubao, akaandika majina ya watu wa kupigiwa simu Januari.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba harakati ni kazi ya kuchosha. Watu huona picha za maandamano. Mimi nakumbuka viti. Kupanga viti, kukunja viti, kupiga simu sitini ili waje watu kumi na wawili, kukaa kwenye basi saa tatu kwenda Austin kuzungumza na karani wa mbunge kwa dakika nane. Kulikuwa na wenye ujasiri kutuzidi mbali. Mwaka 2010 wanafunzi wanne walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Miami hadi Washington, wakianza siku ya mwaka mpya na kufika Mei. Mei hiyohiyo vijana waliovaa majoho ya mahafali walikaa sakafuni katika ofisi ya Seneta John McCain mjini Tucson, wakakamatwa. Na Machi 2010, Chicago, vijana walikuwa wamesimama hadharani kutaja majina yao na kusema hawana makaratasi na hawaogopi. Desturi hiyo ikasambaa nchi nzima, kila Machi. Machi 2012 ilikuwa zamu yangu.

Nilifanya mazoezi wiki mbili. Wanakufundisha kusimulia maisha yako kwa dakika mbili: ulikotoka, kilichokupata, unachotaka msikilizaji afanye. Nikasimama kwenye ngazi za uwanja wa chuo nikayasema yote. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Nilishuka nikihisi mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Na katika wepesi ule mwandishi wa habari akanivuta pembeni, nami nikaendelea. Nikamwambia mama anafanya kazi usiku, anamlea mzee nyumbani kwake. Nikataja mtaa. Hakunilazimisha, nilijisemea mwenyewe.

Habari ilitoka Ijumaa. Jumapili binti wa yule mzee akamuuliza mama, kwa upole kabisa, "Hii ni nyie?" Mama akasema hapana, na hakurudi tena pale kazini. Hakufukuzwa, aliogopa. Tulikaa miezi minne bila mshahara wake. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Umetuanika," akanitengea chakula, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni, saa ambayo siku zote alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi.

Kosa hilo silisahau, na kila kijana ninayekutana naye namsimulia. Hadithi yako simulia. Ya mama yako kaombe ruhusa kwanza, na akikataa, amekataa. Tena kuna jambo la ndani zaidi ambalo lilinichukua miaka kuliona. Hotuba tulizofundishwa wakati ule zilikuwa na kiitikio: "Nililetwa mtoto, si kosa langu." Watu walipenda sana kusikia hivyo. Lakini kama si kosa langu, ni la nani? Nilikuwa nasimama mbele ya kipaza sauti namshitaki mama yangu ili mimi nionekane msafi. Baadaye vijana wengi katika harakati walikiacha kiitikio hicho, na mimi nilikiacha nikiwa nimechelewa miezi minne ya kodi ya nyumba.

Ijumaa, tarehe 15 Juni 2012, Rais Obama akatangaza DACA, mpango wa kuwakinga vijana kama sisi wasifukuzwe nchini. Ilikuwa miaka 30 kamili, siku kwa siku, tangu hukumu ya Plyler. Mapema mwezi ule vijana wawili walikuwa wameingia ofisi ya kampeni yake mjini Denver, wakakaa na kugoma kula, wakisema kama Bunge limeshindwa, yeye anayo mamlaka. Kwa hiyo mtu akikuambia DACA ilikuwa zawadi, mwambie iliombwa kwa njaa.

Nieleze DACA ni nini, maana hata leo naulizwa na watu wazima. Siyo ukaazi. Ni ahadi ya serikali kwamba haitakufukuza kwa miaka miwili, pamoja na kibali cha kazi. Masharti ya msingi: uwe umeingia kabla ya kutimiza miaka 16, uwe chini ya miaka 31 siku ile ya tangazo, uwe umeishi Marekani mfululizo tangu 15 Juni 2007, uwe umesoma au unasoma, na rekodi yako iwe safi. Ada ilikuwa dola 465. Mimi nilitimiza yote. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliletwa akiwa na miaka sita mwanzoni mwa Septemba 2007. Alikosa kwa wiki kumi na moja hivi.

Wenzangu walipeleka maombi Agosti ileile. Mimi nilichelewa zaidi ya mwaka, na hapa siri inarudi. Mama alisema serikali inataka majina na anwani zetu, na mimi, baada ya yale ya gazeti, sikuwa na mdomo wa kubishana naye. Kwa kuwa hatukuwa tumemwambia mtu, hatukuwa na wa kumuuliza. Tukaangukia kwa mtu mmoja wa kwetu, "anayejua mambo ya fomu". Alitutaka dola 900 taslimu. Kisha akanishauri niachane na DACA, nijilipue: niombe hifadhi ya ukimbizi, niseme mimi ni Mrundi. Alikuwa na hadithi kabisa, imechapwa, pengo la jina limeachwa wazi. Nilikaa nayo wiki nzima nikijifunza majina ya mito ya Burundi.

Sikuipeleka, na sikujizuia kwa ushujaa. Niliogopa kuhojiwa Kirundi. Baadaye nikaja kujua kwamba ombi la hifadhi likigundulika kuwa ni la uongo uliokusudiwa, linaweza kukufungia kila mlango wa uhamiaji maisha yako yote. Zile dola 900 hatukuziona tena. Ninachosema sasa kwa kila mtu ni hiki: fomu yako ijazwe na wakili mwenye leseni au mtu wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na mwombe akuonyeshe hiyo idhini. Wenzetu wa Mexico nao wana balaa lao la namna hii: kwao notario ni mwanasheria mkubwa, hapa ni mpiga muhuri tu, na neno hilohilo limewaliza wengi.

Kuna kosa jingine ambalo halikunipata mimi ila lilimpata kijana wa kwetu, na ni dogo kama alama ya vema. Mwaka 2011 aliomba kazi ya kubeba boksi kwenye ghala. Fomu ilimtaka achague: raia, mkaazi, au mgeni mwenye kibali. Akaweka vema kwenye raia. Miaka baadaye alimwoa raia kweli, wakaomba makaratasi, na kisanduku kile kikamfuata. Kujidai raia ili upate kazi ni kosa ambalo kwa kawaida halina msamaha, hata ukiwa na mke na watoto raia. Hatari ni ileile ukienda kuchukua leseni ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Sema hapana. Usijibu ndiyo kwa adabu tu, kama tulivyozoea kuwajibu watu wa ofisini.

Mwishoni mwa 2013 nikamrudia rafiki yangu wa maktaba. Akanipeleka kwenye ukumbi ambako mawakili wa kujitolea walikuwa wanajaza fomu za DACA bure. Ushahidi unaotakiwa ni wa kuonyesha kwamba hukuondoka, na bora uwe mwezi kwa mwezi. Vipindi vya shule ni rahisi: ripoti, chanjo, picha za darasa. Kazi iko kwenye likizo. Julai 2009 sikuwa na kitu kabisa, mpaka nikakumbuka faini ya kitabu cha maktaba nilichochelewesha, senti 80. Maktaba walikuwa bado wanayo kwenye kompyuta. Uzembe wangu ukaniziba pengo.

Wakili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani imening'inia kifuani. Akauliza, "Uliingiaje nchini?" Nikasema kwa viza. Kalamu ikasimama. "Kadi yako ya I-94, ile ya kuingilia waliyokugongea uwanja wa ndege, unayo?" Nikamwambia pasi zilipotea. Akaandika kitu pembeni mwa karatasi, akakipigia mstari mara mbili. "Itafute. Siku moja itakuwa na maana kwako kuliko hii tunayojaza leo." Niliitikia tu. Sikuelewa, na nyumbani sikumwambia mama, kwa sababu pasi ilikuwa neno tusilolitaja.

Kibali kilikuja Machi 2014. Nikapata leseni nikiwa na miaka 20, nikabeba boksi kihalali kwa mara ya kwanza, nikalipa chuo mwenyewe kwa ada ya wakaazi wa Texas, jimbo lililokuwa la kwanza kupitisha sheria ya kuwaruhusu wasio na makaratasi kulipa ada hiyo nafuu, mwaka 2001.

Bibi alifariki Muheza mwaka 2015. Niliuona msiba kwa picha za simu, moja moja, kadiri mtandao ulivyoruhusu: jeneza, turubai, mama wadogo wamekaa mkekani. Tulituma mchango. Miezi saba baadaye ndipo niliposikia kwamba mtu wa DACA aliweza kuomba kibali cha kusafiri na kurudi, kwa msiba, masomo au kazi, na kwamba ada ilikuwa dola 360. Tulikuwa tumetuma mchango mkubwa kuliko huo. Sisemi kila mtu apande ndege, kwa sababu kurudi hakuna uhakika na ni lazima wakili aangalie faili lako kwanza. Ila ningependa ningejua. Mama hakuwa na DACA. Mimi ningeweza kwenda kwa niaba yake, nikamwaga udongo.

Mwaka 2016 Waafrika na Wakaribi wasio na makaratasi walikutana Miami, na pale ukazaliwa mtandao wa UndocuBlack. Mimi nilijiunga baadaye. Simu ya kwanza niliyoshiriki kulikuwa na Mkenya, Mnaijeria, Mjamaika na dada mmoja wa Trinidad, na kwa mara ya kwanza sikulazimika kueleza kwa nini polisi akinisimamisha barabarani nina hofu mbili kwa wakati mmoja.

Halafu ukaja 2017. Mwishoni mwa Agosti kimbunga Harvey kikaimwagia Houston mvua ya siku nne. Tulikaa nyumba ya chini. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili niliamka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na boksi langu la ushahidi, miaka kumi ya karatasi, lilikuwa chini ya kitanda. Nikalivuta likanyofoka chini. Ripoti za shule, risiti, barua za hospitali, vyote vimegandana kama mkate uliolowa. Sikuwa nimepiga picha hata karatasi moja.

Mama alikuwa amepanda kiti. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la bluu la biskuti, lile ambalo nyumba zetu zote huwekea nyuzi na vifungo. Nilikuwa nimeliona kopo lile miaka 14 bila kulifungua, nani anafungua nyuzi? Akalifungua, akamwaga vifungo majini, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani yake pasi mbili za Tanzania. Kwenye yangu kulikuwa na kadi nyeupe imebanwa kwa pini iliyoota kutu na kuacha alama ya kahawia: muhuri wa Agosti 2003, na kwa kalamu ya bluu, B-2, yaani mgeni wa matembezi, na tarehe ya Februari 2004.

"Ulisema ilipotea," nikamwambia.

"Niliipoteza mwenyewe."

Mama mkubwa alikuwa amemwambia, mwaka ule wa 2004, kwamba pasi yenye tarehe iliyopita ni ushahidi wa kumfunga mtu. Akashindwa kuichoma, akaificha. Tulisimama pale na maji yakipanda, mimi sijui nicheke au nikasirike, naye ananihimiza niishike juu, isilowe.

Siku tisa baadaye, tarehe 5 Septemba, tukiwa bado tunalala kwa rafiki, Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions akatangaza kwamba DACA inafutwa. Waliokuwa na vibali vinavyoisha kabla au ifikapo 5 Machi 2018 waliruhusiwa kuhuisha mara ya mwisho. Changu kiliisha 19 Machi. Siku kumi na nne. Januari jaji wa California akaamuru maombi ya kuhuisha yaendelee, nami nikapeleka langu wiki ileile, lakini kadi ilichelewa, na wiki tatu za Machi na Aprili nilikaa nyumbani bila kazi. Majira yale ndipo nilipokubali kwamba DACA ni mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine.

Nikaipeleka I-94 kwa yule mama wakili. Akavaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma, akacheka peke yake. Akanifafanulia kitu ambacho naona kila Mwafrika aliyezamia kwa viza angepaswa kukisikia mapema: aliyeingia kupitia mlangoni, akakaguliwa na afisa, kisha muda wake ukaisha, akimwoa au kuolewa na raia kwa ndoa ya kweli, anaweza kuombea ukaazi hapahapa nchini, hata kama amepitiliza miaka. Aliyevuka bila kukaguliwa kwa kawaida hana njia hiyo fupi. Na uthibitisho wa kwamba uliingia mlangoni ndio ile kadi nyeupe. Ukiipoteza kweli, unaweza kuomba nakala serikalini. Inachukua muda na pesa, lakini ipo.

Nilioa 2019. Mke wangu ni mzaliwa wa hapa, na kabla hujauliza, tulikuwa pamoja tangu kabla ya mafuriko. Ada za serikali zilikuwa dola 535 na 1,225, mbali na daktari na wakili. Usaili ulikuwa Februari 2020, wiki chache kabla ofisi zote hazijafungwa kwa korona. Afisa aliishika ile kadi kwa ncha za vidole, akagusa alama ya kutu, akauliza ilipata nini. Nikasema, vifungo. Hakuelewa, akagonga muhuri.

Niliogopa kumwambia rafiki yangu kuliko nilivyoogopa usaili. Yeye ndiye aliyeniandikia saa kiganjani. Yeye alivushwa jangwani, na mumewe naye ni wa DACA, kwa hiyo hakuna wa kumwombea mwenzake. Alinikumbatia kwa nguvu, kisha akauliza kama Alhamisi bado nitakuja kupanga viti. Nilikwenda. Juni ile Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema DACA ilifutwa bila kufuata utaratibu, naye akapata kupumua. Mwaka uliofuata jaji wa hapa Texas akazuia maombi mapya kuidhinishwa. Wenye kadi za zamani wanahuisha. Ambaye hakuwahi kuipata hana pa kuingilia.

Binamu yangu ana miaka 24 sasa, anasoma hesabu, somo moja moja kila muhula. Juni 2025 serikali kuu iliishitaki Texas kuhusu ada ya chuo ya wakaazi, jimbo likakubali siku hiyohiyo, na sheria ya 2001 ikazimwa kwa vijana kama yeye. Ameambiwa alipe kama mgeni. Nilimnunulia mkoba usiopitisha maji. Kila karatasi tumeipiga picha na kuihifadhi sehemu mbili, na pasi yake yenye I-94 inakaa kwangu. Namba ya wakili ameikariri, maana ukikamatwa simu inachukuliwa. Anajua asisaini kitu asichokielewa, hasa karatasi ya kukubali kuondoka kwa hiari. Mimi si wakili, na haya yote hayampi hadhi yoyote. Anachonizidi ni kwamba watu zaidi ya thelathini wanajua hali yake, na muhula uliopita walimchangia ada.

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Kiswahili, tulikuwa ukumbini tunakula pilau. Mama mmoja nisiyemfahamu akaja na mfuko wa plastiki ameubana kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe unajua mambo haya. Kuna mtoto wa rafiki yangu."

Sikumuuliza rafiki ni nani. Nilibeba viti viwili nikaviweka karibu na jiko, ambako masufuria yalikuwa yanaoshwa na kelele zilitosha.

"Huyo mtoto, mama, waliingia kwa viza?"

Akatazama mlango. Akavuta kiti karibu, akauweka mfuko magotini, akaanza kufungua fundo.